Fundi wa charahani naye hufikiri: niliyoyaokota kwenye Project Runway

Ukitaja mashindano ya mitindo kwenye televisheni, wengi wetu hapa Pwani tunafikiria wasichana warembo wakipita jukwaani na nguo zisizositiri, na mkono unakwenda kwenye rimoti. Siwalaumu wanaobadilisha stesheni. Lakini kuna kipindi kimoja cha aina hiyo ambacho hoja yake si mrembo, ni fundi. Kinaitwa Project Runway. Kilianza Marekani tarehe 1 Desemba 2004 kwenye stesheni ya Bravo, na vipande vyake vimejaa YouTube kwa anayevitaka. Mimi nashona katika kichumba kimoja hapa Mombasa, nina wanagenzi wanne na charahani tatu, na nimekitazama kipindi hicho kama mwanafunzi, na daftari mkononi. Nataka kueleza kinavyokwenda, na kwa nini nadhani kinatuhusu sisi tunaoshona kanzu, madera na mabuibui kuliko kinavyowahusu wapenda urembo.

Mpango wake ni huu. Wanachukuliwa wabunifu kumi na wawili au zaidi, kila mmoja anajua kuchora, kukata na kushona kwa mkono wake, wanawekwa pamoja mjini New York na kupewa chumba kikubwa cha kazi. Misimu ya mwanzo chumba hicho kilikuwa katika chuo cha Parsons, ambacho ni chuo chenye jina katika mambo ya ubunifu. Kila sehemu ina kazi yake. Leo wataambiwa washone nguo ya mwanamke anayekwenda ofisini, safari nyingine gauni la sherehe. Wanapewa muda mfupi wa kuchora, wanapelekwa kwenye duka la vitambaa liitwalo Mood wakiwa na pesa za kuhesabu, kisha wanarudi kukata. Mara nyingi wana siku moja au mbili tu mpaka nguo ivaliwe.

Katikati ya kazi, kwa miaka mingi, alikuwa akipita Tim Gunn, mzee mpole aliyekuwa mwalimu hapo Parsons. Huyu hakuwa na kura katika hukumu. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya sanamu la kushonea, mkono kidevuni, aulize fundi anakusudia nini, aseme kinachomtia wasiwasi, halafu aende zake. Ana maneno yake mashuhuri ya kuagia, ambayo kwa Kiswahili chetu ni kama kusema "fanya mpaka ikubali". Baadaye wanamitindo huzivaa nguo, hupita, na majaji hunena. Kwa miaka mingi majaji walikuwa Heidi Klum, mwanamitindo mzaliwa wa Ujerumani ambaye pia ndiye aliyekuwa mwendeshaji, Michael Kors ambaye ni mbunifu mwenye jina lake, na Nina Garcia, mhariri wa majarida ya mitindo. Mmoja hushinda, mmoja hufunga virago.

Sasa tazama kazi ya kwanza kabisa waliyopewa katika msimu wa kwanza. Hawakupelekwa duka la vitambaa. Walipelekwa duka la vyakula, kila mtu na dola 50, wakaambiwa wanunue humo kitu cha kushonea nguo. Aliyeshinda, Austin Scarlett, alichukua mahindi. Alishona gauni la maganda ya mahindi, yale yale tunayoyatupa tukila mahindi ya kuchoma pale Mama Ngina. Anayejua maganda mabichi anajua pia kwamba yakikauka hujikunja na kusinyaa, kwa hiyo kijana yule alikuwa akishindana na saa mbili, ya ukutani na ya maganda yenyewe. Katika msimu wa tano, mwaka 2008, walirudishwa duka lile lile, na mshindi wa siku hiyo alitumia karatasi za kuchujia kahawa na mifuko ya mashine ya kufyonzea vumbi.

Kwa nini kazi kama hiyo? Mwanzoni inaonekana mchezo wa kufurahisha watazamaji, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyo. Lakini fundi akitazama anaona jambo jingine. Ukimpa mtu hariri nzuri, hariri yenyewe inambeba. Hujui kama ana akili ya ushonaji au ana pesa za hariri. Ukimpa maganda ya mahindi, umemwondolea kila kitu isipokuwa fikira zake. Hapo ndipo unajua nani ni fundi.

Niliichukua kazi hiyo nikaileta kwangu. Mwezi wa Shaabani, kabla vitambaa vya Idi havijaanza kumiminika, niliwapa wanagenzi kila mmoja jozi moja ya leso. Gauni moja, siku mbili, hakuna kuongeza kitambaa. Walicheka wakisema ni kazi rahisi, maana leso wamezaliwa nazo.

Leso si rahisi hata kidogo. Kipande kimoja kina urefu kama wa mita moja na nusu, na upana wa mita moja na kidogo. Kina pindo linalozunguka pande zote nne, kina mji katikati, na kina jina, yaani ule usemi ulioandikwa upande wa chini. Kitambaa cha jora unakikata popote, lakini leso kila unapopitisha mkasi unavunja kitu. Ukikata kiuno, pindo limekatika. Ukishona ubavuni, jina limegawika mara mbili na halisomeki. Mmoja wa wanagenzi alimaliza gauni zuri, mishono imenyooka, lakini jina lilimkaa matakoni. Wenzake wakamwambia atakayelivaa kila akikaa atakuwa anakalia maneno ya watu. Mwingine aliligeuza pindo likawa mikono, na jina akalipitisha mgongoni kutoka bega hadi bega, ili msemo usomwe na anayebaki nyuma. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu leso ndivyo ilivyo, maneno yake husomwa na mtu ambaye wewe huzungumzi naye.

Wa nne, msichana mkimya kuliko wote, hakukata hata inchi moja. Alikunja, akatia marinda, akafunga kwa mishono mirefu ya mkono. Nilipomuuliza sababu, alisema leso nyingi mtu hupewa, na mama au shangazi, na si vyema kuikata zawadi. Akivuta nyuzi zile gauni linafunguka na leso inarudi kuwa leso.

Nimeshona kwa miaka mingi na sijapata kusikia fundi akitoa sababu ya namna hiyo. Si kwamba mafundi wetu hawana sababu. Hakuna anayewauliza.

Hapo ndipo kipindi kile kinaponigusa. Yule mzee Gunn alipokuwa akizunguka chumba, kitu alichofanya zaidi kilikuwa kumlazimisha fundi aseme kwa kinywa chake anachokitaka. Na jukwaani majaji hawasemi tu nimeipenda au sikuipenda. Huzisogelea nguo, huzitazama kwa karibu, husema hapa pindo limevuta, hapa kifua hakikukaa, wazo lako ni zuri ila umeliongezea mapambo mpaka limezama. Fundi naye hupewa nafasi ya kujibu. Kwetu hukumu ni ya namna mbili. Mteja atasema "haijanikaa", basi, wewe ubahatishe palipo na tatizo. Au atanyamaza, achukue nguo yake, na utasikia maoni yake kutoka kwa jirani.

Na kazi yenyewe siku hizi huingia kwa simu. Mteja anafungua picha ya abaya ya Dubai au gauni la harusi ya watu wengine, anasema, "Fundi, nishonee hii hii." Ukimwambia dada, huu mkato utakubana mabegani, au kitambaa hiki kitamemetuka juani, anaona unamletea uvivu. Tumefanywa mashine ya kutoa nakala. Na nakala bei yake iko chini daima, kwa sababu yule aliyeshona ya asili, kiwandani, ameshona elfu moja kwa siku na yako ni moja. Mteja ana haki ya kuuliza kwa nini alipe zaidi kwa nakala kuliko alivyoona dukani. Sina jibu la swali hilo, wala fundi mwingine yeyote hana, madhali anachouza ni nakala.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Kofia ya viua ya Lamu na Pate huanza kwa kuchorwa, kisha vile vitundu hushonwa kimoja kimoja kwa mkono, kazi ya majuma mengi, na mjuzi akiitazama anaitambua ya kazi nzuri na ya kazi ya haraka. Buibui la kamba la bibi zetu lilikuwa vazi la hapa, lina namna yake ya kufungwa na kutupiwa ambayo mgeni hakuiweza. Lilipokuja abaya la Ghuba hatukupoteza nguo peke yake. Tulipoteza zile nafasi ambazo fundi wa hapa alikuwa akiamua jambo.

Nije kwa mtu ambaye ningependa kila binti anayeshona Pwani amtazame. Msimu wa 16, mwaka 2017, aliingia Ayana Ife, Mwislamu anayevaa hijabu, kutoka Salt Lake City katika jimbo la Utah. Kazi yake ni nguo za stara, na hakuiacha nje ya mlango. Fikiria mwenyewe: mashindano ambayo mgongo wazi na mapaja ni jambo la kawaida, majaji wanataka kuona kitu kipya kila juma, na yeye amejifunga kushona nguo ndefu, zenye mikono, zisizobana. Wengi wangesema huyo ataondoka mapema. Alifika fainali, akaonyesha mkusanyiko wa stara kwenye wiki ya mitindo ya New York, na akawa wa pili nyuma ya Kentaro Kameyama, mzaliwa wa Japani.

Sipendi kumgeuza kuwa wa kujisifia, kana kwamba ushindi wake ni wetu. Ninachokiona kwake ni cha kiufundi. Ukiondoa ngozi, unabaki na nini cha kuchezea? Unabaki na tabaka, na jinsi kitambaa kinavyoanguka, na rangi, na uzito, na urefu wa huu juu ya ule. Mambo hayo ndiyo tunayoyashughulikia kila siku hapa, na tumeyachukulia kuwa kizuizi. Mara ngapi tumesikia kwamba buibui ni buibui tu, huna la kufanya ila kumwagia vijiwe? Ayana alionyesha mbele ya majaji wa New York kwamba sharti la stara ni kama maganda ya mahindi: linamfichua fundi.

Msimu huo huo ndio waliobadilisha jambo jingine. Wanamitindo hawakuwa tena wembamba wa aina moja. Walikuwa wa saizi mbalimbali, kuanzia 0 hadi 22 kwa vipimo vya Marekani. Baadhi ya wabunifu walihangaika sana, maana walizoea sanamu moja la kushonea na mwili mmoja. Hapo, ndugu zangu, nilicheka peke yangu. Fundi wa Majengo au Kisauni hajapata hata siku moja kushona saizi ya kitabu. Asubuhi anampima bi harusi, adhuhuri nyanya yake bi harusi, alasiri mama mjamzito anayetaka dera la kuvaa kabla na baada. Katika jambo hilo sisi tungewafunza wao.

Katika jambo la muda, wao watufunze. Nadhani sihitaji kueleza. Kila mtu hapa ana kisa chake cha usiku wa mwandamo, watu wamejaa mlangoni kwa fundi, fundi anaapa kwamba bado vifungo tu, na kitambaa hakijakatwa. Katika Project Runway saa ikifika, mikono juu. Nguo ikiwa nusu itapita nusu, na wapo waliofukuzwa kwa sababu hiyo. Ninachokipenda si ukali wa saa, ni namna inavyowafundisha kupunguza. Mbunifu mzuri akiona muda umebaki mchache anaondoa ule mfuko, anaacha yale marinda, anaokoa pindo na zipu. Anajua kipi kikiachwa nguo bado ni nguo. Hilo ni somo la fundi wa Idi kabisa: kupokea nguo arubaini ukijua una mikono ya kushona ishirini na tano si tatizo la saa.

Si kila kitu ndani yake ni cha kuigwa, na wazazi wajue kuna matusi, na kuna sehemu ambazo hutazitazama ukiwa na watoto sebuleni. Kuwakesha watu na kisha kuwarekodi wakilia ni biashara ya televisheni, haina uhusiano na ushonaji. Yale magomvi yao ruka. Na zawadi nayo ina mambo yake. Mshindi wa msimu wa kwanza, Jay McCarroll, alishinda dola 100,000 na akazikataa, kwa sababu mkataba ungewapa watayarishaji sehemu ya biashara yake ya baadaye. Kijana asiye na kitu, anakataa dola laki moja baada ya kusoma karatasi! Kisa hicho huwasimulia wanagenzi kila mara, hasa wakiniletea maneno ya mtu aliyewaahidi kuwafungulia duka.

Wapo pia walioshinda na jina lao likazimika. Wawili nawataja kwa sababu walifanya kitu. Chloe Dao, mshindi wa msimu wa pili, alizaliwa Laos kwa wazazi wa Kivietinamu, akafika Marekani mtoto mdogo katika familia ya wakimbizi. Baada ya kushinda alirudi Houston, Texas, akaendelea na duka lake mwenyewe katika mji wa wazazi wake. Hakuona kwamba mji wake ni mdogo. Mwingine ni Christian Siriano, aliyeshinda msimu wa nne mwaka 2008 akiwa na miaka 22. Mwaka 2016 mchekeshaji Leslie Jones alilalamika hadharani kwamba hapati mbunifu wa kumvisha kwenye uzinduzi wa filamu yake ya Ghostbusters. Siriano akajitokeza, akamshonea gauni jekundu ambalo dunia nzima ililiona. Alipata jina kwa kumpokea mteja ambaye wenzake walimkwepa. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona aliwageuza mafundi wake kushona barakoa, kama tulivyofanya sisi huku. Tangu 2019 ndiye aliyekalia kiti cha Tim Gunn, anazunguka meza za washindani, anauliza maswali yale yale.

Narudi kwa yule msichana wa leso isiyokatwa, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike. Ameshapiga picha za pasipoti. Kuna wakala amemwambia kuna kazi ya nyumbani Saudia, na si wa kwanza kwangu. Wawili wenye mikono mizuri wamekwishakwenda. Siwezi kumwambia asiende. Mshahara anaotajiwa, mimi kwa kushona nakala siwezi kumlipa nusu yake, na nyumbani kwao wanamtegemea.

Nilichoweza ni hiki. Lile gauni nilililitundika mlangoni, na ndani ya juma moja mama mmoja akalitaka kwa ajili ya binti yake, kwa sherehe ya kupaka hina. Nikamwita msichana, nikamwambia ataje bei yeye. Akataja bei ya mshono wa dera. Nikamtoa nje kidogo, nikamuuliza amelipisha saa ngapi za kushona. Akahesabu. Nikamuuliza, na ile siku nzima uliyokaa umeiangalia leso bila kugusa mkasi umeilipisha wapi? Akanyamaza, akarudi ndani, akataja mara tatu. Mama yule akapunguza kidogo kama ilivyo ada, akalipa, akaagiza jingine kwa dada yake, ila hili litoke na jina la leso aliyoipenda mwenyewe.

Sasa mlangoni nimebandika karatasi yenye bei mbili, ya kushona kwa picha yako na ya kubuniwa vazi lako. Hadi leo wateja wanne wamechagua ya pili. Pasipoti haijatoka bado.